Matundu Aliyoyaziba Vitus

Ndugu zangu wa Sumbawanga, na ninyi wa Matai na vijiji vyote vya huku juu kwenye baridi, nawaletea habari ya nyumba moja ya mtaani kwetu. Wenyewe wameniruhusu niisimulie, nami sitaongeza chumvi.

Nyumba hiyo ni ya Vitus, fundi wa viyoyozi na majokofu, na mkewe Coleta. Ni ya tofali za kuchoma, ina madirisha ya aluminiamu na milango inayofunga vizuri. Binti yao Sharon yuko shule ya bweni, kwa hiyo chumba chake kilikuwa kitupu. Baada ya mavuno, Bi Fransiska, mama yake Vitus, alikuja kutoka Matai kukaa nao, akapewa chumba hicho. Jioni walikula ugali wa ulezi pamoja, wakasali rozari, kisha mama na mkwewe wakabaki wakicheka habari za kijijini. Ilikuwa nyumba ya amani, na jirani yeyote atawaambia hivyo.

Ukaingia mwezi wa sita. Baridi yetu mnaijua, upepo unapiga tangu alfajiri mpaka maji ya ndoo yanauma vidole. Bi Fransiska alilalamika kwamba upepo unamwingia kifuani kupitia matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Vitus akachanganya saruji, akayaziba yote. Chini ya mlango akapigilia kipande cha mpira. Kisha akamwekea mama yake jiko la mkaa chumbani.

"Baba Sharon, sasa hewa itapita wapi?" Coleta aliuliza.

"Mkaa ukishakolea hauna moshi," Vitus alijibu. "Nikitulia nitaweka bomba la kutolea hewa nje. Ngoja kwanza nimalize kazi ya Muze."

Vitus alimpenda mama yake, hilo lisitiliwe shaka. Ila kazi za watu zilikuwa hazimwishi.

Kule Muze, bondeni, joto halina mzaha. Mfugaji mmoja aitwaye Shigela alikuwa amefungua duka la dawa za mifugo, na chumba cha dawa kilikuwa kinachemka.

"Fundi, wewe niwekee tu mashine kubwa kuliko zote," Shigela alimwambia.

Vitus alitoa futi kamba akaanza kupima. "Kaka, kubwa peke yake haisaidii. Nazidisha urefu kwa upana kwa kimo cha chumba, napata hewa iliyomo. Halafu naangalia watu wangapi wanakaa humu na vitu gani vinatoa joto. Hapo ndipo najua hewa ya chumba ibadilike mara ngapi kwa saa. Na lazima pawe na tundu la kuingilia na la kutokea. Ukiziba moja, feni inazunguka bure."

"Kumbe ni hesabu."

"Ni hesabu. Hewa huioni, lakini usipoihesabu inakugeuka."

Ninyi mnaosoma, mtu aliyesema maneno hayo ndiye aliyekiziba chumba cha mama yake.

Bi Fransiska akaanza kuumwa. Kila akiamka kichwa kilimgonga na moyo ulimchafuka. Akiota jua uani hadi mchana, nafuu ilirudi. Zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu. Cornelia, dada yake Vitus, alipopata habari alipanda gari kutoka Matai.

"Mama kwetu alikuwa mzima," alisema jikoni, Vitus akiwa amesimama mlangoni. "Hapa kila asubuhi anaumwa. Nani anampikia?"

Coleta aliweka mwiko chini. "Wifi, sema unachotaka kusema."

"Nimeshasema."

Vitus angeweza kutamka neno moja tu la kumtetea mkewe. Aliangalia simu yake, akasema anasubiriwa mjini, akaondoka. Tangu siku hiyo Coleta hakugusa tena chungu cha mama mkwe wake. Maneno ya Cornelia yakaenea mtaani, watu wakaanza kumwitikia Coleta salamu nusunusu. Mwenye kuyasikia yote hayo na kuyakataa alikuwa Bi Fransiska mwenyewe. "Cornelia," alimwambia bintiye, "huyu naye ni mwanangu. Usinifanye nile kwa wasiwasi."

Cornelia akapika yeye, na kichwa cha mama kikaendelea kuuma. Badala ya kujiuliza, akasema basi si chakula, kuna kitu kimefukiwa chumbani, na atalala humo humo amlinde mama.

Coleta alimfuata mumewe. "Hata mimi nikikaa mle na mama kichwa kinaniuma. Njoo uyaangalie yale matundu."

"Jumamosi."

"Jumamosi iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Kuna watu wananisubiri, Mama Sharon."

Jumamosi ilipofika, Shigela alimpigia simu kwamba mashine imegoma. Vitus akateremka Muze.

Jumapili asubuhi Coleta alijiandaa kwenda misa. Aligonga mlango wa wageni wake asijibiwe. Akaita, kimya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alichukua mchi wa kinu, akazunguka nje, akavunja kioo, akaingia huku vigae vikimchana mikono. Bi Fransiska na Cornelia walikuwa wamelala kama magogo, na jiko liko katikati ya vitanda, bado lina makaa chini ya majivu. Alifungua mlango, akamburuta mama mkwe wake hadi uani, akarudi kumburuta wifi yake. Majirani tulikuta Cornelia anatapika na Bi Fransiska anapumua kwa mbali sana. Tuliwapakia kwenye bajaji.

Hospitali waliwekewa oksijeni. Daktari aliuliza chumba kilikuwa kinapashwa moto kwa kitu gani, na Coleta akaeleza yote. Alieleza tena Vitus alipofika na vumbi la Muze mwilini. Daktari alipoanza kufafanua kwamba mkaa unatoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, Vitus alimkatiza.

"Naelewa, daktari. Matundu niliyaziba mimi."

Akakaa kwenye benchi la ukumbini hadi jioni.

Cornelia alipopata nguvu alimshika Coleta mkono uliofungwa bandeji. "Wifi, umeniokoa, na mimi niliacha watu wakuite mchawi."

"Hata ndugu yako aliacha," Coleta alijibu. "Pona kwanza. Mengine tutayaongea." Wameyaongea, lakini haikuwa wiki hiyo wala mwezi huo.

Vitus alitoboa ukuta kwa nyundo na patasi. Tundu la chini linaingiza hewa safi, la juu linatoa ile iliyochoka. Alipima na kupiga hesabu kama alivyowapigia watu wote. Leo ndicho chumba chenye hewa nzuri kuliko vyote mtaani, na jiko halivuki kizingiti chake. Bi Fransiska anakaa humo, amevikwa blanketi. Alipona mwili, ila kumbukumbu aliyopokwa na ile sumu haikurudi. Kila asubuhi anamuuliza Vitus yeye ni mtoto wa nani.

"Wako, mama," Vitus anajibu.

Naye anamtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni.

FUNZO

Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama halitoi moshi, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Usizibe matundu ya hewa kwa sababu ya baridi, ongeza blanketi. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kila wakiamka na kupona wakitoka nje, chunguzeni hewa kabla ya kuchunguzana. Na wewe fundi, mwalimu au muuguzi, elimu unayoipeleka kwa watu ianze kwako. Mteja atasubiri hadi Jumatatu. Sumu haisubiri.