Alama Isiyowasha

Hamida alioga mara mbili, shavu la kulia likabaki linanuka liwa. Liwa iliyolala, siyo ya leo.

Alikuwa mwali ndani, kwao Mwananyamala, harusi yake na Nurdin imekaribia. Somo wake, Bi Sijali, alimsinga kila alasiri, akimsugua liwa ya msandali mwilini kwa kitambaa kilekile alichowasingia wali wote waliopita mikononi mwake. Kukifua aliona ni kufuja baraka. Uvivu nao huwa na jina zuri.

Yakatokea mabaka mawili ya duara, moja kila shavu.

"Vijicho vya mashoga zako hivyo," Bi Sijali alisema, akayapaka krimu ya kung'arisha. Yakafifia, kisha yakarudi makubwa zaidi.

Wakaenda kwa Daktari Kasiani, Mmakonde asiye na haraka.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Hili la kushoto linawasha?"

"Silali."

"Ukingoni lina magamba, katikati pametulia. Fangasi hiyo. Krimu zenu zinaificha tu, chini inatambaa." Akaligusa la kulia kwa pamba. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi ukoma siuoni. Linawasha?"

"Wala."

Akakwangua kidogo, akatazama kwenye hadubini, akafuta kioo, akatazama tena. "Hili silijui," alisema polepole.

Dawa ikaliponya la kushoto. La kulia likazidi kukolea mpaka umbo lake likajulikana: midomo.

Alasiri moja, dirisha limefungwa, moshi wa udi umesimama chumbani, Hamida alisikia sikioni mtu akifyonza taratibu kama anayemung'unya ubuyu, na ile harufu ya liwa iliyolala ikamjaa puani, na mto wa pembeni yake, ambao hakuna aliyeulalia, ukabonyea, ukabonyea, mpaka akahisi baridi ya pumzi ikitua palepale shavuni.

"Somo," alinong'ona, "kuna mtu kalala hapa."

"Usimjibu, mwanangu. Usigeuke."

Mganga alipoletwa alikinusa kitambaa kabla ya kumtazama mgonjwa. "Nani mwingine kasingwa nacho?"

Bi Sijali akajivuta ushungi. "Mwali wa Kurasini. Alifia ndani, kabla ya nikahi."

"Alikuwa na jini mahaba, na jini huyo hakutoka kitambaani humu. Anayepanguswa nacho ndiye wake. Kichomwe leo."

Bi Sijali akaenda uani, akachoma kitambaa cha jikoni. Kile chenyewe alikirithi kwa mama yake; akakisokomeza kifuani. Mganga akasoma, akafukiza, akamwogesha mwali. Doa likafutika, nyumba nzima ikashusha pumzi.

Siku ya harusi Nurdin alifika mlangoni anatiririka jasho. Bi Sijali, kwa mazoea ya kazi, akachomoa kitambaa kifuani, akampangusa bwana harusi uso, akapokea bahashishi yake akicheka.

Asubuhi Nurdin alisimama mbele ya kioo.

"Mke wangu, umeniambukiza fangasi zako. Tazama shavu."

Hamida aliinuka na dawa ya daktari mkononi. Hatua chache kabla ya kumfikia, harufu ikampata. Akasimama.

"Linawasha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nurdin akalipapasa shavu. "Wala," alisema.