Mwokozi wa Semuliki

— Malachie, ubaambie wewe mwenyewe. Nikisema mimi, itakuwa haya kwako.

Séphora aliongea kwa sauti ya chini, wamesimama uani kwa baba yake, Butembo. Ndani, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa. Ilikuwa siku ya mahari.

— Nibaambie nini, chérie? Batu beko na furaha. Unataka kuharibu?

— Ile ya mutoni.

Malachie akatazama viatu vyake vipya.

Wote wawili walikuwa wazamiaji wa majini huko Beni, na wachumba pia. Juma lililopita, gari la mfanyabiashara mmoja lilitumbukia mto Semuliki, wakaitwa walifunge kamba livutwe. Maji yale ni tope tupu, huoni hata kiganja chako. Wakashuka wameshikana mikono, kila mmoja na chupa yake ya hewa mgongoni. Huko chini wavu ulimnasa Séphora mguu. Akaubana mkono wa Malachie: nisaidie! Malachie akauchomoa mkono, akapanda juu.

Séphora alibaki peke yake gizani, moyo ukimpiga hadi masikioni. Akajilazimisha kupumua polepole, akapapasa kisu chake, akakata na kukata hadi wavu ukaachia. Alipoibuka, Malachie alimdaka karibu na ukingo, akambeba hadi nchi kavu. Watu waliona hapo tu. Kabla jua halijazama, kila mtu alikuwa akimsifu kijana aliyemwokoa mchumba wake.

— Niliogopa, Malachie akanong'ona. Nilizani umekufa.

— Kuogopa hapana kosa. Hata mimi niliogopa. Lakini papa yangu alikupigia simu analia, anakushukuru, na wewe ukamujibu «ni kazi yangu, papa». Nilikuwa pembeni, nikasikia!

— Tutaongea ndoa ikishapita.

Akaingia ndani. Séphora akamfuata.

Mzee Ézéchias, baba yake, akasimama.

— Huyu kijana sitamupima kwa mbuzi za mahari. Alitoa mutoto wangu ndani ya maji. Wasingya, asante, mwana wetu!

Vigelegele vikajaa nyumba. Séphora akamkazia macho Malachie: sema sasa. Malachie akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayepokea baraka.

Séphora akashindwa kuvumilia.

— Papa, hapana. Hakunitoa. Aliniachilia mukono, akapanda. Nilijitoa mwenyewe.

Mzee akamgeukia kijana.

— Malachie, ni kweli?

Malachie akatazama tena viatu vyake.

— Ni kweli, papa.

— Kumbe ile siku nalia kwa simu, ulikuwa unanicheka?

— Hapana, papa. Nilikuwa na haya.

Mzee akakaa taratibu, kama amezeeka ghafla.

— Séphora, huyu mutu unamupenda. Tufanye nini?

— Namupenda, papa. Machozi yakamshuka. Lakini nikilala karibu yake, nitakuwa naamuka kuangalia kama eko. Ndoa hapana.

Wageni wakatoka mmoja mmoja, bila kugusa chakula. Malachie alitoka wa mwisho. Hakugeuka.

Kesho yake, Séphora akiwa njiani kurudi kazini Beni, simu ikalia. Ujumbe: «Nisamehe. Nilikuwa mwoga mara mbili. Nipe nafasi moja tu.»

Akausoma hadi herufi zikamtetemeka machoni. Kisha akaandika: «Nilikusamehe siku ile ile, pale ukingoni. Ilikuwa imebakia tu useme ukweli wewe mwenyewe.»

Akautuma, akafunika uso kwa kitenge, akalia hadi Beni.