Mafiga ya Uwanja wa Ndege

Mafiga yetu yalikuwa mazuri kuliko ya jirani yeyote. Yalikuwa mawe matatu makubwa yanayolingana. Sufuria ya ugali ilikaa juu yake bila kucheza.

Mume wangu, Kashinje, aliyatoa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa kijiji chetu, karibu na Mishamo. Uwanja wenyewe ni ardhi iliyofyekwa katikati ya pori. Zamani ulikuwa na mistari miwili ya mawe yaliyopakwa chokaa. Majirani waliyachukua moja moja. Huyu alijengea ngazi ya mlango, yule alizungushia maua. Sisi tulipikia.

Mtunza uwanja ni Mama Jeannine. Hufyeka majani, hufukuza ng'ombe, na hubeba redio ya upepo ya kuongea na rubani. Siku moja alinikuta nasonga ugali.

"Lucia mwanangu, hayo mawe nayaomba."

Kashinje akacheka. "Mama, rubani wa siku hizi anaongozwa na satelaiti. Anatazama kioo kama mtu na simu yake. Mawe ya nini?"

"Na kioo kikizima?"

"Atakipiga kofi kidogo, kama mimi na redio yangu."

Nami nikacheka.

Mwezi wa tatu mvua ilibeba daraja. Siku zile zile dada yangu Dafrosa akashikwa na uchungu. Mumewe alikuwa ng'ambo ya mto, hawezi kuvuka. Asubuhi ya siku ya pili muuguzi wa zahanati akatuambia, "Mtoto amekaa vibaya. Dada anahitaji upasuaji, na upasuaji uko Mpanda. Tusichelewe."

Muuguzi akampigia simu Ponsian. Huyo ni mkulima wa Mpanda mwenye ndege yake ndogo. Anairusha mwenyewe, na wagonjwa huwabeba kwa kujitolea.

Tukambeba Dafrosa kwa machela hadi uwanjani. Saa sita mchana tukasikia ndege. Sauti ikaja, ikapita kushoto, ikafifia.

Dafrosa akanishika mkono. "Mbona anaondoka?"

Redio ya Mama Jeannine ikakoroma. Alikuwa Ponsian.

"Mama, kioo changu kimepoteza satelaiti. Nilipo sipajui vizuri. Naona pori, naona mashamba matatu yaliyolimwa, yote yanafanana na uwanja. Mawe yenu yako wapi?"

Mama Jeannine alimtazama Kashinje. Hakumgombeza. Akajibu, "Mawe hayapo. Mafuta unayo?"

"Nitazunguka dakika ishirini. Zikiisha narudi Mpanda, mafuta yakiwa bado yananifikisha."

Kashinje akakimbia nyumbani, mimi nyuma yake. Alisukuma sufuria pembeni. Mawe yalikuwa meusi tii kwa masizi.

"Haya hata mwewe hayaoni," alisema.

Nikaona viroba vyetu vya mahindi ukutani. Vilikuwa vyeupe, vipya.

"Mwaga mahindi, mume wangu."

"Chini?"

"Mwaga."

Akamwaga. Majirani walipotuona wakaleta vyao. Tukavitandika uwanjani mistari miwili, lakini upepo ukavirusha. Kashinje akarudi na mkokoteni, ndani yake mafiga yetu na mawe ya ngazi ya jirani. Akakandamiza viroba. Mawe yakawa yamerudi kazini, kwa masizi yake yote.

Mama Jeannine akawasha majani mabichi ili moshi uonyeshe upepo unakoelekea. Akasema redioni, "Tunakusikia upande wa mto. Tafuta moshi."

Tukakodoa macho angani.

"Moshi nauona," Ponsian akasema. "Na mistari nayo naiona. Nakuja."

Alipotua, kitu cha kwanza alitoa ramani ya karatasi kwenye begi lililokuwa kwenye kiti cha nyuma. Akaiweka magotini. "Kurudi nitafuata barabara ya Mpanda kwa macho," alimwambia muuguzi. Wakaondoka na Dafrosa.

Jua likiwa linashuka, simu ikalia. Mama na mtoto wa kike walikuwa wazima. Kashinje alikaa juu ya mahindi yaliyomwagika, akafunika uso kwa mikono. Nilimwacha ashukuru kwa namna yake.

Baada ya wiki mbili Ponsian aliwarudisha. Tukampikia wali na kuku. Kashinje akamuuliza kioo kiliharibikaje.

"Bado sijui, fundi anakiangalia. Satelaiti ziko mbali sana, shemeji. Mawimbi yake yakifika huku ni dhaifu. Jua likipatwa na dhoruba, mtambo mwingine ukiyavuruga, au kifaa kikifa, kioo kinabaki bure. Na kuna siku hakizimi. Kinakuonyesha mahali ambapo hupo, nawe unakiamini."

"Sasa rubani afanyeje?"

"Afanye ambacho mimi sikufanya. Ramani magotini, si kwenye begi. Dira na saa. Kila dakika chache atazame chini alinganishe: mto huu, barabara hii, muda huu. Hapo kioo kikidanganya anagundua mapema. Akiona hajui alipo, aseme redioni haraka, asione aibu. Na ajue saa ya kugeuza. Nilizoea kioo mpaka nikasahau macho yangu."

"Hata mimi nilikizoea," Kashinje akasema, "na sijawahi kupanda ndege."

Tukacheka. Kisha akauliza taratibu, "Na sisi tufanyeje?"

Mama Jeannine ndiye aliyejibu. "Nyie rudisheni mawe."

Siku ya Jumamosi mkokoteni ulizunguka nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyebisha. Tuliyasugua kwa mchanga, tukayapaka chokaa, tukayapanga. Figa letu moja lilikataa kuwa jeupe. Dafrosa, mtoto mgongoni, alilipaka mara tatu mpaka likakubali.

Mimi nilifinyanga jiko la udongo. Limeinama kidogo, sufuria naishika kwa mkono mmoja nikisonga. Silalamiki.

Siku hizi Ponsian akikaribia, kioo chake kikiwa kizima kabisa, bado husema redioni, "Mawe nayaona." Dafrosa akiwa karibu humtoa mtoto mgongoni, akamwinua juu, atazame ndege inavyoshuka.