Herufi M

Droo ilikuwa wazi, kufuli linaning'inia, bahasha haipo.

Inspekta Zabron Shemhilu alimgeukia mwamuzi, Mwalimu Laurenti, aliyelowa jasho katikati ya ukumbi wa Nguvumali.

"Ilikuwa na nini?"

"Hatua ya Shelina Pirbhai, afande. Tulipoahirisha mchezo wa sataranji kwa swala ya Ijumaa, aliiandika kwa siri, nikaifungia humo. Ndiyo kanuni. Mshindi anakwenda mashindano ya taifa."

"Ikipotea?"

"Shelina anachagua upya."

Basi anayefaidika ni Shelina. Zabron akamwita.

"Uliandika nini?"

"Malkia aende mraba wa f-saba. Hapo mpinzani wangu Loveness hachomoki."

"Iandike hapa."

Akaandika: Mf7.

Zabron alikuna kidevu. "M ni malkia au mfalme?"

Shelina alishika mdomo. "Ya Allah! Nyumbani malkia twamwita waziri. M yetu ni mfalme peke yake. Nimefuata maneno ya klabu, nikasahau kuwa hapa M ziko mbili."

"Hatua yenye maana mbili inapoteza mchezo," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini.

Kumbe kupotea kwa bahasha kumemwokoa, na mwenyewe hakujua. Zabron alimfuata mpinzani wa Shelina, Loveness Mhando, muuguzi wa Muheza, aliyekaa ofisini ametulia tuli.

"Dada, mpinzani wako anapewa nafasi ya kufikiri upya. Mbona hulalamiki?"

"Nilalamike nini, afande?"

"Kosa la Shelina angeliona nani, kama si aliyeketi mbele yake akiitazama kalamu?"

Loveness aliinama, akatoa bahasha mkobani. Gundi haikuwa imebanduliwa.

"Ufunguo ulipata wapi?"

"Mwalimu huutundika msumarini. Klabu nzima yajua."

"Ungeshinda, wewe!"

"Ningeshinda nini? Miaka sita namsaka mwanamke huyu. Leo kanitega mtego ambao sijapata kuuona. Naumia, huku moyoni nafurahi. Niende taifa niseme nimemshinda Shelina kwa herufi? Bora anishinde kwa akili."

Miaka ishirini Zabron alikuwa amekamata wezi wa mkonge na wa pikipiki. Mwizi wa kuiba ushindi wake mwenyewe alikuwa huyu wa kwanza, na alimpenda papo hapo.

Shelina alikuwa mlangoni, kasikia yote. Alikwenda ubaoni, akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa. "Kosa ni langu."

Loveness akamlaza wa kwake. "Na wizi ni wangu, dada."

Mwalimu aliwatazama wafalme wawili waliolala, akaandika: sare. "Kesho saa tatu mnaanza upya."

"Nitakuja kutazama," alisema Zabron. Akautoa ufunguo msumarini, akautia mfukoni mwake.