Swali la Kwanza Lililohamia Mwisho

Siku ya kliniki ya wazee, Chiriku humvalisha bibi yake viatu, kisha wanaongozana hadi zahanati. Msichana huyu wa darasa la sita alibandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Lakini asubuhi moja viatu viligoma kuingia, maana miguu ya bibi ilikuwa imevimba.

Huko zahanati, nesi alishika fomu ya maswali. "Bibi, kwa jumla afya yako ikoje?"

"Nzuri tu, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Nesi akaandika "nzuri". "Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Pumzi haikusumbui?"

"Ingenisumbua ningefika hapa?" Benchi zima likacheka.

Chiriku hakucheka. Kila usiku alimsikia bibi akihema, amekaa kitandani, mito mgongoni. Akirudishwa nyumbani hivi hivi, itakuwaje? Lakini kumuumbua bibi mbele za watu, lo! Hilo nalo lilimshinda. Akawaza, akawaza, mwishowe akapata la kusema.

"Dada nesi, swali la kwanza bibi anadhani unamsalimia. Akishajibu nzuri, anaona haya kugeuza maneno. Anza na ya chini, hilo la juu liwe la mwisho."

"Wewe mke mwenzangu, mdomo huo utakuponza!" bibi alifoka.

Nesi akachukua fomu mpya. "Bibi, usiku unalala vipi? Chali?"

"Chali? Thubutu! Nalala nimekaa, la sivyo pumzi inakata."

"Na miguu?"

"Leo hata viatu vimenikataa."

"Sasa, kwa jumla afya yako ikoje?"

Bibi aliitazama miguu yake. "Si nzuri, mwanangu," alisema polepole. "Si nzuri hata kidogo."

Daktari aliitwa papo hapo. Akampima moyo, akamwandikia dawa.

Mwezi uliofuata viatu viliingia bila ubishi. Nesi sasa aliwauliza wazee wote kuanzia chini, na bibi akawatangazia wenzake: "Aliyeipindua fomu ndiye huyu! Mjukuu wangu!" Chiriku alijaa fahari mpaka akakosa la kusema, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Hukumuumbua bibi yako," nesi alimwambia. "Ulimsaidia kusema kweli. Mgonjwa akificha, hatuwezi kumtibu. Na sisi tukiuliza ovyo, tunamsaidia kuficha."

Akamgeukia bibi, akamuuliza yote hadi la mwisho. "Na afya yako kwa jumla?"

"Nzuri," bibi alijibu, na safari hii hakuwa akiitikia salamu.