Meno ya Mwenyekiti Juu ya Bati

Sogeeni, sogeeni. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza. Sasa kila mtu azibe pua. Tumeziba? Msiachie mpaka niseme. Haya, twende.

Huko Tukuyu, penye mvua nyingi na migomba mingi, alikuwepo Tusekile. Tusekile alikuwa na pengo. Hapa mbele, katikati kabisa.

Jino lake lilikuwa limeng'oka. Akalirusha juu ya bati, kama wanavyofanya watoto wote. Akaimba:

"Kunguru, kunguru,
chukua la zamani, niletee jipya!"

Akasubiri. Akasubiri tena. Kunguru kimya.

Na alikuwepo Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mbwa. Mbwa mzee, mwenye mvi kidevuni.

Kwa nini aliitwa Mwenyekiti? Kwa sababu popote watu walipoketi, naye aliketi katikati yao. Harusini yupo. Msibani yupo. Kwenye kikao cha akina mama, ambako hakuitwa, yupo.

Kila jioni Tusekile alimpa ukoko wa wali. Mwenyekiti aliutafuna kwa furaha. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Jioni moja Mwenyekiti akauma ukoko. Kwa... Kwii! Akautema. Akauangalia kama vile ukoko ndio umemuuma yeye.

Kisha Mwenyekiti akapumua:

"Haaaaa!"

Weee! Harufu hiyo!

"Ni mabuti yako!" Bibi akamwambia Baba. Mabuti yakatolewa nje, yakanyeshewa.

Mwenyekiti akapumua:

"Haaaaa!"

Weee! Harufu hiyo!

"Ni dagaa wako, Mama!" Baba akamwambia Bibi. Dagaa wakatolewa nje. Paka akashukuru sana.

Mwenyekiti akapumua tena:

"Haaaaa!"

Weee! Sasa walibaki kuku. Kuku hawakungoja kutolewa. Waliondoka wenyewe.

Tusekile akasogea karibu na Mwenyekiti. Akanusa. Machozi yakamtoka.

"Jamani! Ni Mwenyekiti!"

Akamfunua mdomo taratibu. Meno yalikuwa ya kahawia, kama ndani ya birika la chai. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba. Jino moja lilikuwa linacheza. Tiki-tiki.

"Ah, ni uzee tu," alisema Baba. "Mbwa akizeeka hali. Analala tu."

Bibi akaweka kijiko chini.

"Uzee? Mimi si mzee? Mimi sili?"

Baba akamtazama. Bibi alikuwa anakula wakati ule ule.

Tusekile akampapasa Mwenyekiti. Mbavu zake zilikuwa zinaonekana. Tusekile akaogopa. Akamnong'oneza sikioni.

"Usife, Mwenyekiti. Sawa? Usife."

Asubuhi Baba akatoa toroli. Akaweka gunia ndani. Akampakia Mwenyekiti juu ya gunia. Twende kwa Bwana Mifugo!

Gwara-gwara-gwara!

Njiani wakakutana na Mwalimu Gwakisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tusekile. Mbona leo Mwenyekiti kapanda gari?"

Mwenyekiti akapumua:

"Haaaaa!"

Weee! Harufu hiyo!

Mwalimu akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Akakimbia.

Gwara-gwara-gwara!

Bombani wakakutana na akina mama wanachota maji.

"Pole, Mwenyekiti! Unaumwa nini?"

Mwenyekiti akapumua:

"Haaaaa!"

Weee! Akina mama wote wakakumbuka vyungu vyao. Wakakimbia, ndoo wakaziacha.

Gwara-gwara-gwara!

Wakakutana na mbuzi. Mbuzi hakuuliza kitu. Mwenyekiti akapumua tu:

"Haaaaa!"

Mbuzi hana chungu. Lakini naye alikimbia.

Bwana Mifugo alikuwa daktari wa wanyama. Alizoea ng'ombe. Alizoea nguruwe. Harufu gani angeiogopa?

"Fungua mdomo, mzee wangu," alisema.

"Haaaaa!"

Bwana Mifugo akaenda dirishani. Akakaa huko kidogo. Akarudi.

"Nimerudi," alisema.

Akaangalia jino hili. Akaangalia na lile. Akatikisa kichwa.

"Meno yameoza. Ndani ya fizi kuna usaha. Kila akitafuna, anaumia."

"Si uzee?" aliuliza Tusekile.

"Si uzee, mwanangu. Mzee akiumwa, anatibiwa. Meno haya lazima yatoke."

"Yapi?"

"Yote."

"Yoooote?" Tusekile akashika pengo lake.

"Yote. Halafu mtampa chakula laini. Msimpe kigumu hata kidogo."

Bwana Mifugo akamchoma Mwenyekiti sindano ya usingizi. Mwenyekiti akapiga miayo ya mwisho. Haaaaa! Wote dirishani. Kisha akalala.

Krooo... fyuuu. Krooo... fyuuu.

Bwana Mifugo akang'oa jino. Akalitupa kwenye bakuli la bati.

Ng'oo! Ting'!

Ng'oo! Ting'!

Ng'oo! Ng'oo! Ting'! Ting'!

Mwenyekiti hakujua lolote. Krooo... fyuuu.

Alipoamka, alijaribu kutikisa mkia. Mkia ukaenda upande mmoja tu, ukasahau kurudi.

"Naomba meno yake," alisema Tusekile.

"Ya nini?" aliuliza Baba.

"Nina kazi nayo."

Bwana Mifugo akayaosha vizuri, akampa. Njia nzima mfuko wa Tusekile ulilia chaka-chaka, chaka-chaka.

Nyumbani, Baba akaingia ndani kunywa chai. Tusekile akasimama uani. Akajaza kiganja. Akaimba kwa sauti kubwa:

"Kunguru, kunguru,
chukua ya zamani, mletee mapya!"

Akarusha yote kwa mpigo.

Ta! Ta! Tararararara-ta!

"Mvua ya mawe!" Baba alipiga kelele, akajificha chini ya meza.

"Nguo zangu!" Bibi alipiga kelele, akakimbilia kamba ya nguo.

Jua lilikuwa linawaka. Bibi akatazama juu. Akatazama bati. Akamtazama Tusekile.

"Ni meno tu, Bibi," alisema Tusekile.

Mwenyekiti akawekwa stooni apumzike. Pakavu, pana gunia, pana bakuli la maziwa. Lakini Mwenyekiti hakunywa. Alilala tu, akaangalia mlango.

Kulipokucha Tusekile akamfunua mdomo. Jino jipya? Bado. Maziwa? Hajagusa.

Akaenda tena mchana. Jino jipya? Bado. Maziwa? Hajagusa.

Tusekile akaenda nje, akapaza sauti juu ya bati. "Kunguru! Wewe kunguru! Fanya haraka! Hawezi kula bila meno!"

Kisha akakaa chini, akalia. Alilia kweli kweli, na makamasi.

Bibi akaja, akakaa naye chini.

"Tusekile. Tazama huku. Aaaaa."

Bibi alifungua mdomo wote. Tusekile akachungulia. Hamna jino hata moja. Fizi tupu, kutoka huku mpaka kule.

"Mimi ni kibogoyo," alisema Bibi. "Jana nani alimaliza ndizi?"

"Wewe, Bibi."

"Na za baba yako nani alimaliza?"

"Wewe, Bibi."

"Basi. Tatizo si meno. Meno mabaya yameshatoka." Bibi akafikiri. "Mmemweka wapi huyu mbwa?"

"Stooni."

"Stooni! Peke yake! Mwenyekiti gani anakula peke yake? Hebu mleteni kwenye kikao."

Bibi akapika ndizi. Akaziponda. Pondo, pondo, pondo! Akamimina maziwa juu. Akapakua bakuli lake, na bakuli la Mwenyekiti.

Baba akambeba Mwenyekiti, akamweka mkekani, katikati. Huku Bibi. Huku Tusekile. Huku Baba. Kikao kikafunguliwa.

Mwenyekiti akamtazama Bibi. Bibi akala. Mwenyekiti akalitazama bakuli lake. Akanusa.

Wote wakainama kumwangalia. Hata Baba aliacha kutafuna. Tusekile alishika mkono wa Bibi kwa nguvu.

Lapu.

Lapu... lapu.

Lapu-lapu-lapu-lapu-lapu!

"Anakula!" Tusekile akaruka juu. "Bibi, anakula! Baba, anakula! Hana meno na anakula!"

Mwenyekiti akamaliza bakuli lake. Akalitazama la Bibi.

"Hata usifikirie," alisema Bibi.

Bibi akageuka kumwomba Baba maji. Alipogeuka tena, bakuli lake lilikuwa linang'aa.

"Mwizi mkubwa!" alisema Bibi. Lakini alikuwa anacheka mpaka fizi zote zilionekana.

Siku zikapita. Mbavu za Mwenyekiti zikajificha. Harusini akarudi. Msibani akarudi. Mwalimu Gwakisa akaacha kukumbuka chungu chake.

Jioni moja Tusekile alikuwa anapiga mswaki. Swaki-swaki-swaki. Ulimi wake ukapita kwenye pengo. Ukagusa kitu. Kidogo. Kikali.

"Babaaaa! Bibiii! Kunguru amekosea!"

Wakaja mbio. "Kakosea nini?"

"Jino la Mwenyekiti! Kaliweka kwangu!"

Baba akamulika na tochi. Kweli, jino. Dogo, jeupe, linachungulia kwenye fizi.

"Mh," alisema Bibi. "Labda kesho utabweka."

Tusekile akajaribu kidogo. "Wu?"

Baba akacheka mpaka tochi ikaanguka. Tusekile hakucheka. Alikuwa na jambo la kumaliza.

Akaenda kwa Mwenyekiti, aliyekuwa amejilaza kwenye gunia kando ya kitanda cha Tusekile. Akapiga magoti.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema. "Kunguru ameleta moja tu. Tena kakosea mdomo. Lakini usijali, ni letu wote wawili. Kazi ya kutafuna nitafanya mimi. Wewe lamba tu."

Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho. Akasogeza pua karibu kabisa na pua yake. Akapumua:

"Haaaaa!"

Baba akaziba pua. Bibi akaziba pua. Ninyi bado mmeziba?

Tusekile hakuziba. Akanusa. Akanusa tena.

"Ananukia ndizi," alisema.

Lapu! Mwenyekiti akamlamba uso mzima, toka kidevuni mpaka kwenye nywele. Kisha akajikunja, naye Tusekile akajikunja, na taa ikazimwa.

Krooo... fyuuu. Krooo... fyuuu.

Haya, sasa achieni pua zenu. Na wewe uliyejifunika shuka mpaka kichwani, nimekuona. Hujapiga mswaki.