Salamu Pungufu

Mteja alipokanyaga kizingiti cha duka la Tuliza, Mwamkizi aliinama. Hakuinama sana kama mtu anayeomba kazi, wala kidogo kama karani wa benki. Aliinama kadiri anavyoinama kijana aliyelelewa vizuri, akasema, "Shikamoo, Mama," kisha akanyamaza kusubiri marahaba.

Alikuwa mashine. Mwili wake ulikuwa wa chuma uliovikwa mpira laini, na kifuani alikuwa na dirisha dogo ambamo makopo ya bidhaa yalishukia. Hakuna aliyemwita mashine, hata hivyo. Wazee wa Mbeya walimwita "yule kijana wa Tuliza", na wengine waliacha duka lililokuwa karibu na kwao wakapanda kigari kinachoning'inia kwenye waya hadi mtaa wa Soweto ili kuamkiwa naye.

Huo ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu sheria iruhusu watu wazima kununua bangi. Ndani ya Tuliza neno hilo lilipigwa marufuku. Wafanyakazi walisema "jani", utadhani wanauza mchicha. Kampuni tisa zililiotesha jani lile lile katika nyumba zile zile za vioo, na mteja hakuwa na sababu ya kurudi duka hili badala ya lile. Sababu hiyo ilitengenezwa na mhandisi wa Tuliza, Lugano Mwaisumo. Aliona kwamba mjini pale barabara zilifagiliwa na roboti, chakula kililetwa na ndege za chuma, na mtu mzima angeweza kumaliza wiki nzima bila kuamkiwa na kinywa chochote. Akaunda mashine ya kuamkia, yenye kumbukumbu ya magoti, wajukuu na mahindi ya kila mteja. Walijaribu sauti kumi na mbili. Iliyoshinda ilikuwa ya Lugano mwenyewe.

"Unaamkia kama mtu aliyefundishwa kwa fimbo," alimtania Bi Sekela, mkuu wa masoko.

"Ndivyo nilivyofundishwa," alijibu Lugano, wakacheka.

Ila kilichompandisha cheo hakikuwa kuamkia. Lugano alipima akagundua kwamba mzee aliyesalimiwa akatosheka alikwenda zake na hakuonekana kwa mwezi mzima. Aliyekatizwa katikati, kwa adabu, alirudi baada ya siku mbili. Basi akamfundisha Mwamkizi kusikiliza habari mbili, na ya tatu ikianza kukolea, aikate: "Hiyo nitakuuliza ukija tena." Ofisini waliiita salamu pungufu. Lugano alijua fika kwamba nyumbani kwao kumkatiza mzee katikati ya salamu ni utovu wa adabu. Alijua, akafanya, akauita ubunifu.

Mwaka ule Tuliza iliamua kumtuza mteja mwaminifu kuliko wote. Sheria ya faragha ilificha majina na mazungumzo, kwa hiyo waliona namba tu: mteja 417, mara tatu kwa wiki, kwa miaka miwili. Bi Sekela aliagiza maua na kamera inayoelea. Lugano ndiye aliyeona kasoro. Kila kopo lilikuwa na kihisio kilichotoa taarifa kifuniko kikifunguliwa. Mteja 417 alikuwa amenunua makopo zaidi ya mia tatu, na hakuna hata moja lililofunguliwa.

"Asije akawa anatuchezea," alisema Bi Sekela. "Tumwone kwanza kabla hatujamvisha shada."

Jumatano saa nne asubuhi, wakati 417 alipozoea kuja, walisimama nyuma ya kioo cha ukaguzi, kile ambacho aliye ndani huona nje lakini wa nje hujiona mwenyewe tu. Mzee mmoja alifika mlangoni. Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayeogopa kuonwa, akaingia, akavua kofia. Lugano alimjua kwa ule mkono unaovua kofia kabla hajamwona uso. Alikuwa baba yake.

Mzee Ambilikile alikuwa msimamizi wa stesheni mstaafu na mzee wa kanisa. Miaka mitatu iliyopita, Lugano alipomwambia kazi aliyopata, alirudisha kikombe chake mezani na kusema, "Mpaka utakapoacha kuuza bangi, usiniamkie." Lugano alikasirika, akamtii.

"Shikamoo, Baba," alisema Mwamkizi, kwa sauti ya Lugano.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Baba. Goti linaendeleaje?"

"Baridi hii inalisumbua. Nimelifunga kitenge cha mama yako."

Nyuma ya kioo Lugano alisogeza sikio karibu. Mama yake alikuwa amefariki miaka sita kabla ya Mwamkizi kuundwa.

"Pole, Baba. Na maua ya kaburini, yameshika?"

"Mawili yameshika. La tatu limekauka, nadhani nilimwagilia mno." Mzee alisogea karibu, akashusha sauti. "Sasa kuna jino, huku nyuma. Siku ya tatu leo silali. Nikasema niende kwa daktari, lakini wanataka mtu wa kunisindi—"

"Pole sana, Baba. Habari ya jino nitakuuliza ukija tena. Nikupe lile lako la kawaida?"

Mzee alibaki mdomo wazi kidogo. Kisha akaufunga, akaitika kwa kichwa, akalipa. Kopo liliposhuka alilitia mfukoni haraka, bila hata kulitazama.

"Anapendeza kwenye picha," alinong'ona Bi Sekela. "Nimlete?"

"Ni baba yangu."

Bi Sekela alimtazama, akanyoosha mkono, akaizima kamera.

Lugano alitoka. Walikutana mlangoni, na mkono wa mzee ulikwenda kuufunika mfuko. Waliona aibu wote wawili, kila mmoja kwa lake, ila Lugano alijua yake ndiyo kubwa.

"Shikamoo, Baba."

Mzee aligeuka kwanza kumtazama Mwamkizi, kuhakikisha si yeye aliyesema.

"Marahaba."

Akasubiri. Alikuwa amezoea kwamba baada ya marahaba huulizwa habari. Lugano alitafuta lake la kuuliza, lolote la miaka mitatu ile, asilipate. Alichokuwa nacho ni kile alichokiiba sasa hivi.

"Jino bado linauma?"

"Nani kakwambia habari ya jino?"

Lugano aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nyuma ya kioo, Baba. Nimesikia. Na ni mimi niliyeifundisha mashine hii ikukatize, ili urudi."

Mzee alizungusha kofia mikononi.

"Siku ya kwanza nilikuja kumsema bosi wako," alisema. "Nikaamkiwa kwa sauti yako hapo hapo mlangoni. Nilichojia kikanitoka." Alikohoa. "Nikaona unakatiza. Zamani hukuwa hivyo. Nikasema labda una haraka, kazi zimekuwa nyingi."

Miaka miwili mzee alikuwa akimtetea moyoni. Lugano alitamani angetukanwa.

Mzee alilitoa lile kopo, akamtia mkononi. "Chukua. Hata sijui hufunguliwaje. Mengine yamejaa kwenye kabati la mama yako. Njoo uyatoe kabla wenzangu wa kanisani hawajaja kusali nyumbani."

"Nitakuja."

"Lini?"

Kabla Lugano hajajibu, Mwamkizi alihisi mteja bado yuko kizingitini. Akainama. "Karibu tena, Baba," alisema kwa upole. "Nitakuuliza."

"Haya, mwanangu," mzee aliitikia kwa mazoea. Kisha akakumbuka nani amesimama mbele yake, akatazama chini.

Lugano aliliweka kopo juu ya kaunta, akavua kitambulisho cha kazi akakiweka juu yake.

"Leo, Baba. Tuanze kwa daktari, mimi nitakusindikiza. Njiani utanimalizia habari ya jino."

Mzee alivaa kofia yake polepole, akaiweka sawa.

"Kama huna haraka," alisema.